Suruali ya Baba Yao Juu ya Mkarafuu

Mwanangu wa tatu anaandika riwaya. Watu humuuliza anazitoa wapi hadithi zake. Mie najua. Anazitoa hapa Ole, kwenye eka tatu za mikarafuu tulizopewa baada ya Mapinduzi. Wazee wangu walitoka bara, na majirani walituita wageni miaka na miaka. Hayo yote kayaandika, hata mbuzi wetu aliyetafuna jamvi la kuanikia.

Kitabu kimoja alikataa kukipeleka kuchapwa kabla hajanisomea. Mie kusoma nimejifunzia ngumbaru, ukubwani, naenda polepole. Basi yeye akasoma, mie nachambua karafuu. Akafika pale baba yao alipoanguka mtini akavunjika nyonga, na karafuu zi karibu kufunguka, ziharibike. Kitabuni, anatokea mjomba kutoka Mtambile, anapanda, anaziokoa.

Nikauweka ungo chini.

"Mjomba gani huyo?"

"Wa hadithi tu, mama."

"Na mie niko wapi?"

"Uko chini, unaomba dua."

"Dua niliomba, lakini nikiwa juu ya tawi!"

Maana aliyepanda ni mie. Hapa kwetu wanawake huchuma matawi ya chini, juu ni kwa wanaume. Nilivaa suruali ya baba yao ndani ya kanga, nikaifunga kwa kamba ya usumba wa nazi. Jirani akapita, akasimama kunitazama.

"Ebo! Huko kwenu bara wanawake ndio wakwezi?"

"Huko kwetu hatungoji zianguke zenyewe tumekaa. Nenda, zako zinafunguka!"

Mwanangu alikuwa chini anaokota, uso kauinamisha. Skuli walimtania msimu mzima.

Sasa mtu mzima, ananiambia, "Niliogopa watakucheka tena, mama."

"Nawacheke. Walicheka, na nyie mkala. Kitabu unasema umenitunukia mie. Basi mteremshe huyo mjomba, au jina langu litoe."

Akachukua kalamu, akafuta ukurasa mzima.

"Suruali ilikuwa rangi gani?"

"Kaki. Ina kiraka gotini, nilikitia mwenyewe."

Kitabu kilipotoka, niliusoma ukurasa ule peke yangu, neno kwa neno. Niko juu. Kiraka kipo.

Jirani yule, siku hizi anatembelea mkongojo, alikuja kulalamika. "Bi, na mimi nimo. Mwambie mwanao anitoe."

Nikampa kiti na chai. Kutolewa, nikamwambia, hatolewi mtu.