Darasani kwa Mwalimu Zaituni Bado ni Alhamisi

Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Sasa naiacha kama ilivyo, maana nikisubiri mpaka niamini ndiyo niandike, sitaandika kamwe.

Mwalimu Zaituni wetu ametutoka. Alhamisi mchana tumekula naye makande ofisini, jioni presha ikapanda, akaanguka jikoni kwake. Ijumaa baada ya swala tukamzika kwao Mungaa. Imekwenda haraka hivyo.

Kwa mlio mbali na hamkumjua: Zai alikuwa anafundisha darasa la elimu maalumu hapa shuleni kwetu, wilaya ya Ikungi. Watoto wenye ugumu wa kujifunza. Mtoto unamwambia atoe daftari la hesabu, anatafuta mpaka kipindi kinaisha, na kalamu yenyewe aliiangusha njiani tangu asubuhi.

Zai alikuwa na msemo wake. "Hawa hawajakataa kujifunza. Vitu vyao vinawakimbia. Tuvifunge kwanza."

Basi akaanza na viroba. Alikusanya viroba vya mbolea, akakata, akashona mifuko, akavipigilia ukutani. Kila mtoto na kiroba chake chenye picha aliyoichagua mwenyewe: kuku, jembe, ng'ombe. Hakuna kwenda nyumbani mpaka umegusa kila mfuko wa kiroba chako na kusema kilichomo.

Siku moja natafuta funguo zangu ofisini, nimepindua kila kitu mezani, stress imenipanda. Zai hata hakuinua kichwa. "Mwalimu, na wewe nikushonee?" Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka.

Ratiba ya ukutani ilikuwa inawashinda watoto wake, siku zinawachanganya. Akafunga kamba nje ya mlango, kila siku na kitambaa cha rangi yake. Njano Jumanne, kijani Alhamisi, siku ya kupalilia alizeti.

Kitambaa alikuwa anakitundika mwenyewe kila asubuhi kabla mtoto wa kwanza hajafika. Mtoto akiona rangi anajua leo kuna nini, anachukua kinachohitajika, hamuulizi mtu. Mnaofundisha mnajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Pendo ndiye aliyekuwa anampa raha kuliko wote. Baba yake alishaamua binti arudi nyumbani achunge mbuzi, kwa sababu shuleni anapoteza kila kitu. Zai akamfuata mzee hadi kwake, akapiga goti, akaamkia, akaomba muhula mmoja tu.

Mzee alifikiri sana. Akasema, "Nakupa wewe, mwalimu. Sijaipa shule."

Muhula ule ulipoisha, Pendo alikuwa anawapangia hadi wadogo zake nguo za kanisani. Mama yake ndiye aliyetuletea hizo habari, na kuku juu. Zai akalia wazi wazi, na yeye si mtu wa kulia.

Sasa nifike kwenye kinachonikaba.

Ijumaa shule ilifungwa, walimu wote tulikuwa msibani. Hakuna aliyekumbuka kile kitambaa.

Jumatatu nafika, darasa la Zai liko tupu na majembe hayapo. Nikawakuta shambani, wameinama kila mtu kwenye mstari wake, wanapalilia kimya kimya.

"Pendo, nani kawaleta huku?"

"Leo Alhamisi, mwalimu." Akanionyesha kamba kule mlangoni, kitambaa cha kijani bado kinaning'inia. "Mwalimu amechelewa. Akija atakuta tumeanza."

Jamani. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo.

Nikawaambia. Kwa maneno mepesi niliyoyaweza, kwamba Mwalimu Zaituni amefariki, tumemzika, harudi. Wengine walilia. Pendo alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye mstari wake akaendelea kupalilia.

Jumanne niliwahi, nikatundika cha njano. Pendo alipofika akakishusha, akarudisha cha kijani. Nikamuuliza kwa nini. "Hiyo si kazi yako, mwalimu. Ni ya Mwalimu."

Watu wananiambia kwenye inbox atazoea, mpe muda. Sijui. Kila kitu alichokijua huyu mtoto kuhusu siku, kuhusu asubuhi, kilipita kwenye mkono wa mtu mmoja.

Mkuu wa shule ameomba tuletewe mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu. Tunasubiri. Hakuna anayetuambia tusubiri mpaka lini.

Leo asubuhi baba yake Pendo amekuja. "Shikamoo baba." "Marahaba. Pole sana na msiba, mwalimu." Alivua kofia, akanipa pole ya kweli, hakuwa mtu wa shari hata kidogo.

Halafu akasema, "Niliyempa mtoto hayupo. Nimekuja kumchukua."

Nilimbembeleza. Nikamwambia mwache, nitamfundisha mimi. Akaniangalia kwa upole akauliza, "Unaweza?"

Kusema kweli ingekuwa hapana, na kudanganya mbele ya mzee yule sikuweza. Nikaenda kumwita Pendo. Wakaondoka wote wawili.

Zai, nimeona nikuambie mimi mwenyewe. Pendo amekwenda. Ulimpigia magoti ukampata, mimi sikujua hata niseme nini nimbakize.

Waliobaki kesho naingia nao. Sijui nianzie wapi, na hukuwahi kunifundisha, maana mimi na wewe tulijua upo. Nina hasira na wewe kidogo kwa hilo. Nina hasira zaidi na sisi wote, tuliouacha mzigo huu wote kwa mtu mmoja tukiuita kipaji.

Lala sasa, dada yangu. Umechoka kwa haki. Watoto wako wanakungoja, na mimi ndiye nitakayewaambia tena kesho.