Funguo za Nyumba ya Sidra

Sarhan Muqbil hakufukuzwa nyumbani kwake kwa matusi. Alifukuzwa kwa adabu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Wenye bunduki walioingia mtaa wa Sidra, mashariki mwa mji wa Taiz, waligonga milango baada ya sala ya Ijumaa wakasema kwamba mapigano yanakaribia na familia zipishe kwa siku chache. "Fungeni milango, muondoke na funguo zenu," walisema. "Hakuna atakayegusa hata kijiko." Sarhan akafunga mlango wa nyumba, akafunga ghala, kisha akafunga lango la nje kwa ufunguo wa chuma wa babu yake, mrefu kama kiganja na mzito kama nyundo. Siku chache hizo zikawa miaka. Mstari wa vita ukaukata mji vipande viwili, barabara ya mashariki ikazibwa, na watu wengine wakalala kwenye vitanda vyake.

Funguo hizo alizitia katika pete moja na ufunguo wa pikipiki aliyokuwa akipakilia abiria. Kwenye vizuizi askari hupekua mifuko, na anayekutwa na funguo za nyumba iliyo upande wa pili huitwa jasusi. Lakini zinazoning'inia kwenye pikipiki hakuna anayezitazama. Isitoshe, mama yake, Hajja Qubul, aliyefia katika chumba cha kupanga, alikuwa amemwachia wosia: "Mwanangu, usije ukazitundika msumarini. Siku utakapozitundika, utakuwa umewapa nyumba. Tembea nazo."

Akatembea nazo. Kisha pikipiki ikaanza kuzimika.

Haikuzimika kila siku, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Asubuhi iliwaka kwa mguso mmoja; adhuhuri ilikataa kabisa, hata kwa kiki, hata kwa kusukumwa mteremkoni; baada ya muda ikawaka tena kama kwamba hakuna kilichotokea. Mara nyingi ilifia pale tunapopaita Uwazi, kipande cha barabara kilichojaa mashimo, kisicho na ukuta wa kumkinga mtu dhidi ya mdunguaji aliye kilimani. Hapo hupiti ila umeinama na kwa kasi. Hapo ndipo alipouawa Nashir, dereva mwenzake, aliyekuwa akifunga njuga ndogo kwenye usukani wa pikipiki yake. Kila injini iliponyamaza Uwazini, Sarhan alisikia mlio mwembamba wa chuma kikigusana na chuma, kisha kimya. Hakumwambia mtu. Lakini wenzake kijiweni walikwisha kusema: Nashir anashika gurudumu, hataki kubaki peke yake.

Fundi Hizam hakuwa na subira na maneno hayo. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akamwaga petroli ya mapipa iliyochanganywa maji, akapima betri. Kwake pikipiki iliwaka kila mara.

"Fundi, inanidhihaki," Sarhan alilalamika.

"Inanidhihaki mimi! Hapa inajifanya bibi harusi, ikifika kwako inanuna. Unaitukana nini njiani, ewe mtu?"

Hali ilikuwa hiyo mpaka siku aliyompakia Ustadh Ghalib, mwalimu mstaafu mwenye maradhi ya figo, ambaye lazima avuke Uwazi kwenda kusafishwa damu hospitalini. Katikati ya mashimo injini ikafa. Mlio ule ukasikika nyuma ya kimya. Risasi ikamega jiwe kando yao. Sarhan alimshusha mzee, wakatambaa nyuma ya gari lililoungua, wakaivuta pikipiki kwa gurudumu la nyuma. Walipofika karakana wakiisukuma, Ustadh aliketi juu ya tairi.

"Usiguse kitu!" Hizam alipiga kelele. "Iache vilevile ilivyokufa." Kisha akaona vidole vya Sarhan kwenye pete. "Unafanya nini?"

"Nakutolea ufunguo wa pikipiki."

"Na hizo nyingine?"

"Hizo haziachwi mikononi mwa mtu. Natia mfukoni."

Hizam aliweka spana chini polepole. "Kila uliponiletea pikipiki hii, ulikuwa unazitoa kwanza?"

"Kila mara."

"Maskini mimi! Umekuwa ukiniletea mgonjwa na ugonjwa umeuficha mfukoni. Zirudishe."

Taa ya kijani ya gia huru ilikuwa imekufa. Hizam akalinyanyua bunda la funguo kwa kidole kimoja, taa ikawaka. Akaliachia likining'inia, taa ikazima. Akarudia mpaka Sarhan akageuza uso. Meno ya ndani ya swichi ya ufunguo yalikuwa yamelika: huku tunazima injini kila mteremko ili kuokoa petroli, na kila kuzima na kuwasha kulifanyika chini ya uzito wa lango zima. Kwenye mashimo funguo ziliruka, umeme ukakatika, nazo zikaendelea kugongana wakati injini imenyamaza.

"Huo mlio," Sarhan alisema kwa sauti ya chini, "nilidhani ni njuga za Nashir."

"Nitakuwekea swichi mpya," Hizam akamjibu. "Lakini zikining'inia hizi italika kama ya kwanza, na hutajua itakufia wapi."

"Najua itakapofia."

Ustadh Ghalib akainuka kwenye tairi. "Keshokutwa nakwenda tena, mwanangu. Sikulazimishi. Ila usinifiche: utakuja na funguo au bila funguo?"

Jioni ile Sarhan alisimama mbele ya ukuta wa chumba cha kupanga akiwa na nyundo. Jalila, mkewe, alikataa kumshikia msumari.

"Mama alisema nini?" aliuliza.

"Mama hakuwahi kulala chini pale Uwazini na mzee wa watu kifuani."

"Basi pigilia mwenyewe. Mimi mkono wangu haumo."

Akapigilia. Akazitundika.

Tangu siku hiyo pikipiki haijazimika, na Ustadh Ghalib hajakosa hospitali. Lakini Sarhan aliniambia kwamba akipita Uwazi, injini ikinguruma vizuri kabisa, bado anausikia mlio ule. Na mizinga inapopigwa, ukuta hutikisika na ufunguo wa lango hujigonga wenyewe, ngo, ngo, kama mtu aliye nje. Watoto huamka kutazama mlangoni. Jalila amezivika kitambaa. Zinagonga hivyo hivyo.

Nasema nanyi mlioizuia barabara ya mashariki, wa upande huu na wa upande ule, na nanyi mnaolala katika nyumba ya Sarhan Muqbil. Mlimwambia afunge na aondoke na funguo. Alitii. Sasa timizeni neno lenu: fungueni barabara, tokeni ndani, lifungeni lango kama mlivyolikuta. Na kama kufuli mlilivunja, tengenezeni jingine litakalofunguka kwa ufunguo ule ule, kwa kuwa yeye habadilishi ufunguo.