Siku Niliyoigiza Mwizi

Juzi asubuhi nilikuwa mezani na mahamri yangu, binti yangu akaniwekea simu mbele ya sahani akasema, "Baba, hebu tazama." Nikatazama. Kwenye video yuko jamaa mnene, shati limempanda mgongoni, amelala kifudifudi kwenye vumbi la Miritini juu ya kijana anayevuja damu. Watu wamewazunguka. Kuna anayemtandika yule mnene kwa fito, kuna anayemvuta mguu, na walio wengi wanacheka huku wakirekodi.

Jamaa mnene huyo ni mimi.

"Ulikuwa waigiza?" akaniuliza. Binti yuko sekondari, na muhula huu wanatengeneza filamu fupi kwa simu, basi kila akionacho hukiona ni maigizo. Nikamwambia la, siku ile sikuigiza. Niliigiza zamani, mara moja tu, nami ndiye niliyekuwa nyota.

Usicheke, rafiki yangu. Kabla sijawa mtu wa malori, kabla wenye digrii zao hawajaanza kunisimamisha njiani wakiniita mheshimiwa, mimi nilikuwa nyota wa filamu hapo Kisauni. Shule niliiachia darasa la nane, na wallahi sijaona nilichopungukiwa. Lakini kipaji nilikuwa nacho tangu udogoni, na kilitaka kunitoa roho.

Kisauni ya utoto wangu ilikuwa ya vipigo. Kwenye madrasa kulikuwa na bakora, shuleni kulikuwa na bakora, na nyumbani nyanya alikuwa na mwiko. Jumamosi tulipigana kwa mawe na watoto wa Mishomoroni kugombea uwanja wa mpira, na aliyerudi bila jeraha alionekana hakwenda. Hili kovu la juu ya nyusi ni la uwanja huo. Ajabu ni kwamba nikikumbuka siku zile, kwanza hunijia harufu ya mabuyu. Nyanya alikuwa akiuza mabuyu. Sufuria ya sukari inachemka uani, iliki inanukia hadi barabarani, na rangi nyekundu inatokota polepole. Mikono yake haikutoka ile rangi, hata siku ya Idi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukoroga, na nikizembea, mwiko ulitoka ndani ya sufuria ukiwa moto ukanipata palipo karibu.

Mwaka huo walimchoma mtu. Alikuwa kijana aliyeiba nguo kwenye kamba, wakamkamata karibu na barabara ya Malindi, wakamvisha tairi. Tulipokwenda shule kesho yake pale mahali palikuwa peusi, panatoa moshi mwembamba, na nyaya za tairi zimebaki kama tenga lililofumuka. Tulipita tukiruka. Mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana mpole asiyejua hata kuishika bakora sawasawa, aliingia darasani siku ile akasimama dirishani mpaka kengele ikalia. Wiki iliyofuata akatuambia tutatengeneza filamu ya siku ya wazazi. Filamu yenyewe ni ya mwizi anayepigwa na watu, kisha inajulikana hakuiba. Alitaka watu wa mtaa wakae chini kwenye viti vya shule wajitazame.

Kamera mtaani ilikuwa moja, nayo ni ya jirani yetu aliyepiga picha za harusi. Mwanamke, bila shaka. Unajua harusi zetu: siku ya kumtoa bibi harusi hakuna mwanamume anayeingia, wanawake wote wamevua buibui, nywele wazi, shingo zimejaa dhahabu. Hakuna mume ambaye angekubali kanda hiyo ipite mikononi mwa mwanamume mwingine. Basi jirani alipiga picha mwenyewe, na kanda zake alizifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Mwalimu alipokwenda kumwomba kamera, alisema kamera haitoki bila yeye. Akaja na sharti na kamera yake, kubwa ya kubebwa begani, na kanda moja tu. Nayo haikuwa tupu. Mwanzo wake kulikuwa na bibi harusi wa watu, mwisho ndio uliobaki wetu. "Mtachukua kilichobaki," alisema. "Na siku ya kuonyesha, kitufe nabonyeza mimi. Atakayeirudisha nyuma nitamkata mkono."

Mwanangu leo akikosea anafuta. Sisi hatukuwa na kufuta. Hakukuwa na mashine ya kukata na kuunga picha, kwa hiyo kila kipande ilibidi kipigwe kwa mpango wake, cha kwanza kwanza na cha mwisho mwisho, na ukikosea kosa lako linabaki humo daima. Tulifanya mazoezi mpaka tukawa tunaota. Betri nzima nayo ilikuwa moja. Jirani aliijua kwa Yasin: akianza kupiga picha huanza kuisoma kimoyomoyo, kwa baraka, na akiimaliza taratibu basi betri imekwisha. Lakini hiyo ni bila taa. Ile taa ya juu ya kamera ilikuwa inainyonya betri hiyohiyo, akasema tusimtajie. Ndiyo maana tukapanga kila kitu baada ya alasiri, jua likiwa bado lipo.

Mwizi nilikuwa mimi. Si kwamba nilipewa, niliwashinda wenzangu. Mwalimu alisema tulie, wengine wakalia kama mbuzi, mimi nikalia hadi mpishi wa shule akaja kuuliza nani amefiwa. Fimbo zetu zilikuwa mabua ya majani ya mpapai. Yana uwazi ndani, ukimpiga nalo mtu linavunjika kwa kishindo na mtu haumii. Damu ilitoka kwa nyanya. Nilimwomba ile rangi ya mabuyu ikiwa nzito, nikaitia kwenye vifuko vya nailoni nikavifunga kifuani na chini ya kofia. "Usinimalizie rangi," akaniambia, "Ijumaa nauza. Na shati hilo utalifua wewe."

Vipande vya mwanzo vilikwenda vizuri. Cha mwisho ndicho cha watu kunipiga. Mwalimu alikuwa amezunguka mlango kwa mlango kuwaambia wenye maduka wa uchochoro wetu kwamba wakisikia kelele wasishtuke, ni watoto wa shule. Lakini siku hiyo mashine ya kusaga mahindi haikunyamaza. Kamera ile ilikuwa inasikia kila kitu, na mashine ingemeza sauti zetu zote. Jua linashuka, betri inangoja. Mwalimu akasema tuhamie uchochoro wa pili. Huko hakuna aliyeambiwa. Na jirani, ili atupate wote kwa mara moja, alipanda ngazi akasimama juu ya nyumba isiyomalizwa, nyuma ya ukuta, na buibui lake na kamera yake. Kule chini hukumwona.

Kilichoonekana kule chini ni mvulana anakimbia na redio kaseti kwapani, na kundi nyuma yake linapiga kelele za mwizi.

Niliigiza vizuri, nakuapia. Nilijikwaa palepale tulipopanga, nikaanguka, bua la kwanza likavunjika mgongoni mwangu, la pili likavunjika kichwani, kifuko kikapasuka na rangi ikanishuka usoni, tamu, inanukia iliki. Nikawa namwomba Mungu kwamba jirani awe ameipata ile. Kisha nikapigwa fimbo ambayo haikuvunjika.

Ya pili nayo haikuvunjika. Nikafumbua macho nikaona viatu visivyo vya shule. Viatu vya watu wazima, ndara, miguu mitupu yenye magamba ya samaki. Wenzangu walikuwa wameshasukumwa pembeni. Nilisema ni mchezo, ni mchezo, nao wakaona mwizi analeta mzaha wakazidisha. Mkono wangu ulivunjika kwa sauti ileile ya bua la mpapai. Mwalimu akaingia katikati akipiga kelele kwamba mimi ni mwanafunzi wake, akatupiwa jiwe la mdomo, wakasema huyu ni mwenzake. Nikawa na damu mbili mdomoni, ya sukari na ya chumvi. Na mtu mmoja, sauti yake shwari kabisa kama anayeagiza chai, akasema, "Leteni tairi."

Pale ndipo taa ilipowaka.

Ilitoka juu, nyeupe, ikaujaza uchochoro uliokwisha ingia kivuli. Watu waliinua vichwa. Sauti ya jirani haikuwa ya kupaza, ilikuwa ileile ya kuwapanga mashangazi kwenye picha ya harusi. "Endeleeni, nawachukua wote," alisema. "Wewe wa kofia ya kijani, geuka nikuone vizuri. Na wewe uliyeshika nondo, usijifiche, nimeshakupata. Mke wako namjua."

Huwezi kuamini jinsi mikono ilivyopanda. Wanaume wazima walijifunika kwa mashati, kwa vikoi, kwa magunia. Nondo ikaanguka karibu na sikio langu. Wakaondoka wakipigana vikumbo, kimya, vichwa chini, mpaka uchochoro ukabaki na mimi na mwalimu na redio iliyopasuka. Nilisikia jirani juu ya ukuta anasoma Yasin kwa sauti. Nikajua nakufa, maana kwetu Yasin husomewa anayekata roho.

Sikufa. Mwalimu na wenzangu walinipakia kwenye mkokoteni hadi hospitali. Nyanya aliponipokea huko mlangoni, daktari hajaja, alishindwa kujua pa kuosha, mwili mzima ulikuwa mwekundu, basi akawa anagusa kwa kidole na kuonja kwa ncha ya ulimi ajue wapi jeraha na wapi mabuyu yake. Hakulia. Alinikaripia kwa shati. Kwa wiki nzima sisimizi walinifuata kitandani.

Na hapo ndipo yalipoanza mambo. Wanaume wakawa wanakwenda kwa jirani, mmoja mmoja, mchana kweupe, kanzu safi. "Shikamoo mama. Ile picha, mama." Yule wa kofia ya kijani alipeleka paja la mbuzi. Muuza samaki, mteja wa nyanya wa kila siku, alileta changu wawili kwetu akakaa kizingitini akasema hakujua ni mimi, damu ilimfunika mtoto. Nyanya akamwambia, "Na angekuwa mtoto wa mwenzangu?" Akachukua samaki, akafunga mlango. Jirani naye alikuwa na jibu moja kwa wote: "Nimekuona vizuri sana, hata jino. Nenda kakae na watu vizuri." Kutaka kuiona kanda hakuna aliyethubutu. Mwanzoni mwake mna bibi harusi wa watu na kichwa wazi, mwanamume gani angesema nionyeshe?

Mimi aliniambia ukweli siku aliyoniletea uji. Alipowasha taa, betri haikufika popote. Kile kitaa chekundu cha kuonyesha kamera inarekodi kilizimika hata wa kofia ya kijani hajageuka, na taa ikawa ya njano, kisha si kitu. Alibaki amewaelekezea chuma kilichokufa, bega linamuuma, anasoma Yasin kwa kuwa hakujua la kufanya tena. Kwenye kanda mna mimi nakimbia, naanguka, mabua mawili yanavunjika, basi. "Usimwambie mtu," alisema. "Hata nyanyako."

Sikumwambia mtu. Filamu haikuonyeshwa, mwalimu alihamishwa akaenda zake na pengo, na mimi mkono huu haunyooki hadi leo, ingawa umenyanyua mali ambayo wenye mikono iliyonyooka hawajaigusa. Lakini sikiliza. Mtaa wetu haukumchoma mtu tena. Mwizi akikamatwa, kulikuwa na mzee mmoja wa kusema mwiteni chifu, na mwingine wa kutazama juu ya kuta. Kila mmoja aliamini uso wake umo kabatini mwa mwanamke yule.

Alipofariki, aliacha wasia kanda zote zichomwe, kwa sitara ya maharusi wake. Binti zake walizichomea uani. Nilikuwepo. Nje ya ua walisimama wazee kadhaa wakiutazama moshi mweusi, na nilimwona wa kofia ya kijani, kipara sasa, akishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

Sasa nimekuja kwenye ile ya Miritini. Kijana aliiba betri ya lori, na lori ni langu. Nilifika wameshamwangusha. Nikafanya nilichofundishwa: nikatoa simu, nikaiinua, nikasema kwa sauti, "Nawachukua wote. Wewe wa kofia, geuka nikuone." Akageuka. Akaiweka kofia yake sawa, akatabasamu, akasema, "Nitumie na mimi, mzee." Nikatazama, nikaona simu zimeinuliwa kote, kila mtu anamchukua mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyejifunika uso. Nikawaambia betri ni yangu na nimesamehe. Mwenye fito akanijibu, taratibu tu, "Hili si la betri tena." Basi nikairudisha simu mfukoni. Kilichobaki ni huu mwili, na Mungu amenijaalia mkubwa. Nikalala juu ya yule kijana mpaka polisi walipokuja. Kijana yuko hospitali, ameanza kula.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho, mahamri yakapoa. Akasema filamu yao nayo ina watu wanaopigana, na wenzake walikuwa wamepanga kuleta fito. Nikamwambia nyuma ya nyumba kuna mpapai. Akatoka na kisu, na baada ya muda nikasikia huko nje bua moja likivunjika. Mkono ulinishtuka wenyewe, chai ikamwagika mezani.