Stelingi Aliyefeli Mtihani wa Meno

Enzi zetu pale Kariobangi, hakuna stelingi aliyeingia kwenye mchezo kabla sijamng'ata kisigino. Nawaambia nyinyi mliocheza brikicho na kuruka blada mpaka mama akawaita kwa majina yenu yote matatu, maana vijana wa leo wakisikia hivi watadhani nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa jaji.

Sinema ikishavuma kwenye kibanda cha video, haikupita wiki kabla vidoli vya stelingi wake, yule shujaa asiyekufa, havijafika sokoni. Sisi tulivinunua Majengo kwa Mama Rukia, aliyeviweka kwenye karai moja na mabuyu. Vilikuwa vya plastiki, urefu wa kiganja, misuli mpaka shingoni, na rangi nyekundu ya mabuyu imeviingia hadi makwapani. Wengine macho yalikuwa yamepakwa kwenye paji la uso. Mmoja nilimwona ana mikono miwili ya kushoto na bado anatabasamu. Lo, raha iliyoje kuzamisha mkono kwenye lile karai!

Sasa, ukaguzi. Kwanza nilimnusa, akinuka mafuta ya taa, alama zinapungua. Kisha nilimsugua uso kwa kidole chenye mate nione kama nyusi zitabaki. Nikamwinua juani nitafute mshono wa plastiki ubavuni. Mwisho, mbele ya watoto wote waliochezea kwenye ngazi za jengo letu, meno kisiginoni. Plastiki ikibonyea na kurudi, ni orijino. Alama nyeupe ikibaki, feki. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilianza tu siku moja kwa sauti ya mtu anayejua, na watoto wakaamini.

Na hukumu ilikuwa nzito, jamani. Stelingi aliyefeli alicheza adui likizo nzima, na mwenye adui hakuwa na kazi nyingine ila kumwigiza akifa. Asubuhi anakufa, baada ya chai anakufa, jua likitua anakufa tena. Niliwahi kuona mvulana mzima wa darasa la sita akilia kwa ajili ya kisigino.

Mwende alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Alikaa mlango wa pili, na babake alikuwa mchonga vinyago. Likizo moja ya Agosti alimleta stelingi wake amemkunja ndani ya leso.

"Niaje, Jaji. Cheki huyu," akasema, akamfunua.

Nikang'ata. Alama nyeupe ikabaki. Ningeweza kumdanganyia rafiki yangu, lakini wote walikuwa wamenyamaza wakinisubiri, na mimi niliupenda mno ule ukimya.

"Feki," nikasema.

Hakulia. Alifanya jambo baya zaidi: alikufa vizuri. Adui wa Mwende aliporomoka ngazi nzima akilalamika, akaomba msamaha, akamuaga mama yake, akainuka, akafa upya. Ikawa watoto wa jengo la jirani wanakuja kumtazama adui! Stelingi wangu, mrembo, aliyeletwa na baba kutoka mjini ndani ya boksi lenye picha ya sinema, alibaki amesimama kwenye ngazi ya juu, ameshinda, bila mtu wa kumshangilia. Wivu ulinishika, siwafichi.

Siku moja, adui akiwa chini, Mwende akakaa kitako akaniuliza polepole, "Jaji, na wako je? Nani alimng'ata?"

Watoto wote wakanigeukia. Kweli, sikuwahi kumng'ata. Nilimwamini kwa sababu ya boksi.

"Huyu ni wa tao, baba alimnunua mjini na boksi lake," nikajitetea.

"Zii! Mng'ate! Mng'ate!" wakaruka wote.

Nikafumba macho, nikang'ata kwa hasira na kiburi changu chote. Nikasikia ka! Mguu ukakatika kwenye goti, na kwa mshtuko nikaumeza.

Walicheka mpaka wengine wakalala sakafuni. Mwende peke yake hakucheka. Alinishika mkono tukakimbia kwa mama, aliyekuwa anasukuma chapati, naye akanipiga mgongoni kwa mikono yenye unga akipiga kelele, "Ukinifia hapa, nitakuua!" Kwa siku tatu jengo zima liliulizia habari za mguu ule. Hata mwenye kioski aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Jaji! Umefika?" Sitasema zaidi.

Babake Mwende ndiye aliyechonga mguu mpya, wa mti wa muhugu, mrefu kidogo kuliko mwenzake. Mwende aliuleta mwenyewe, na kabla ya kunikabidhi, akaung'ata mbele ya watu.

"Orijino," akatangaza.

Kuanzia siku hiyo stelingi wangu alichechemea, akawa mtamu kuliko alivyowahi kuwa, na mimi na Mwende tukawa tunakufa kwa zamu.

Juzi nilimpeleka binti yangu supamaketi kununua kidoli cha sinema anayoipenda. Hata hakukigusa. Alifungua simu, akasoma maoni ya watu asiowajua, akaniambia, "Mum, hiki kina nyota nne na nusu." Nyota! Sisi tulikuwa na meno. Nikakichukua, nikakiinua kwenye taa, na kabla hajaniwahi mkono, nikang'ata kisigino. Mlinzi akaja mbio. Binti yangu akajifanya hanijui, akahamia upande wa sabuni. Bila shaka ilibidi tukinunue.

Nikazipiga picha alama za meno, nikamtumia Mwende, ambaye siku hizi yuko mbali na tunasalimiana wakati wa sikukuu tu. Nikaandika, "Toa hukumu." Jibu likaja kabla sijafika kwenye gari: "Umemeza?"

Nilicheka kwenye usukani, binti yangu akinishangaa, mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Vidoli vya leo vinakunja magoti, vinaongea, havinuki mafuta ya taa. Binti yangu anavyo kabati zima, wima ndani ya maboksi, wote mastelingi. Hana adui hata mmoja, wala rafiki wa mlango wa pili wa kumuuliza wake aling'atwa na nani.