Maji ya Directeur

Patron wa baba alivuka mpaka asubuhi moja bila kumaliza kahawa yake. Mabomu yalikuwa yakisikika upande wa Sake, na wakubwa wake walimpigia simu aondoke mara moja. Baba alikuwa santineli wake, mlinzi wa getini. Pale kwenye geti, gari likiwa limeshawashwa, patron alimkabidhi samaki wake mmoja ndani ya sanduku la kioo. Alimwambia kwamba akirudi na kumkuta mzima, kazi ipo. Asipomkuta mzima... hapo hakumalizia, alipandisha kioo cha gari. Neno la mwisho lilitokea kwenye upenyo uliobaki, kwa Kifaransa: «C'est un prédateur.»

Baba alisikia: directeur, yaani mkurugenzi.

Basi samaki akaletwa mtaani kwetu Ndosho juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amefunikwa blanketi, na baba akitembea kando huku akiwaambia watu wapishe, directeur anapita. Mimi nilielewa kosa siku hiyohiyo. Niko wa nne ya humanités, yaani sekondari, biolojia tunaisoma, na prédateur ni mnyama anayeishi kwa kula wengine. Nilitaka kumsahihisha baba. Lakini mimi ni mtu wa kuandika, si wa kusema. Mwalimu akiniita darasani, huwa nageuka nyuma nione ni nani anayeitwa. Kabla sijapata ujasiri, jina lilikuwa limeshashika, na kusema kweli lilimfaa. Mwili wake ulikuwa wa buluu iliyokolea, na mistari ya njano kama tai za siku ya sherehe. Mdomo ulikuwa mpana, wa mtu aliyezoea kuhudumiwa. Kutwa nzima hakufanya kitu. Akisikia tu beseni la sambaza, vile vidagaa vya ziwani, linawekwa chini, anakuja mbele kwenye kioo na kututazama kana kwamba sisi ndio tuliochelewa kazini. Baba alimhurumia kwa upweke, akamtafutia samaki wadogo wawili wa kumpa kampani. Asubuhi hatukuwaona. Baba akasema labda wamehamishwa.

Vita ilipozidi Masisi, shangazi yangu alifika na watoto wake, magodoro kichwani na matope hadi magotini. Mama alimpokea kwa machozi, akamkalisha barazani, akamwomba watoto wasipige kelele sana kwa sababu Directeur yuko ndani, saloni, na tangu jana hajala vizuri. Shangazi alisimama, akafunga upya kitenge chake, akamfuta kamasi mtoto wa mgongoni, akaomba aende kumsalimia mukubwa kabla ya kukaa nyumbani mwake. Aliingia akiwa ameinama kidogo. Sisi tulibaki mlangoni. Tulimsikia akisema «Jambo, muzee,» kisha nyayo zake zikisogea hadi kwenye kioo.

Alipotoka alimuuliza baba swali moja tu.

«Na vita ikifika hapa, tutakimbia na huyu?»

Baba alimjibu kwamba huyu ndiye kazi yake. Usiku shangazi na wanawe walilala sakafuni chini ya meza ya Directeur, maana penginepo hapakuwa na nafasi. Umeme ulipokatika na pampu kuzimika, wanawe ndio waliopokezana kikombe, wanachota maji na kuyamwaga juu juu ili Directeur apate hewa. Wakimbizi walikuwa wanampumulia mtu wa ofisi.

Shida yenyewe ilikuwa maji. Umeme ukikatika, mabomba nayo yanakauka, na sisi wote wa juu tunashuka ziwani na bidoni zetu, yale madumu ya njano. Kule kando ya ziwa alikuwapo kijana mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, na sirinji mkononi. Kila bidoni iliyotoka majini aliitilia dawa, ile klorini, kwa sababu ya kolera. Kazi nzuri. Ila patron alikuwa amemwonya baba kwamba dawa hiyo inaua samaki: Directeur apewe maji ya ziwa matupu. Kwa hiyo bidoni moja ilipaswa kupita bila dawa, na mchotaji wa maji nyumbani ni mimi.

Njia nzima siku ile ya kwanza nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi yangu. Nilipofika mbele ya sirinji, sentensi yote ilinipotea, nikabaki na mkia wake.

«Hii hapana,» nikasema. «Iko ya Directeur.»

Kijana alirudisha sirinji haraka kama aliyegusa jiko. Alinisaidia hata kuinua bidoni. Kuanzia hapo watu walinipisha kwenye mstari, wamama wenye umri wa mama yangu, na mimi nikipita nikiangalia vidole vya miguu yangu. Hakuna aliyeuliza ni directeur wa nini. Kwetu swali hilo halina faida: ukijua, unaweza kujuta.

Kisha asubuhi moja mama mmoja, muuza makala mwenye mikono myeusi ya mkaa, akavuta bidoni yake nyuma ya mgongo. Alisema naye hataki dawa. Kama badirecteur hawaikunywaki, ni kwamba wanajua kitu. Wa nyuma yake akavuta yake, na wa nyuma yake tena, na neno likapanda mstari mzima hadi barabarani. Kijana akabaki na sirinji hewani, halafu akanigeukia.

«Mademoiselle, waambie basi. Ule directeur wako ni wa wapi?»

Watu wote walinitazama. Nikisema kweli, bidoni yangu itatiwa dawa kama za wengine, Directeur atakufa, na baba atakosa kazi. Nikinyamaza, watu hawa watakunywa ziwa kama lilivyo, na jirani yetu tulikuwa tumemzika kwa kolera juzijuzi.

«Ni samaki,» nikasema.

«Unasema?»

«Directeur ni samaki. Eko ndani ya aquarium kwetu. Dawa inamuuaka. Batu haiwauaki.»

Yule muuza makala alinikaribia.

«Na anakulaka nini?»

«Wenzake.»

«Eeh,» akasema, akiirudisha bidoni yake mbele ya sirinji. «Basi huyo ni directeur kweli.»

Kicheko kilifika hadi kwenye mitumbwi. Nilitamani ziwa linimeze. Lakini bidoni zilirudi kwenye mstari moja moja, na kijana mwenyewe, akijifuta machozi, aliisogeza yangu pembeni na kuwaambia watu ya Directeur isiguswe.

Mambo yalipotulia, patron alirudi. Aliinama mbele ya kioo, akamsemesha samaki wake kwa sauti ambayo hakuwahi kumsemesha baba, kisha akamwambia baba aanze kazi kesho. Directeur alipandishwa kiti cha mbele, ndani ya ndoo iliyofungwa mkanda. Baba alipanda nyuma na sanduku tupu magotini, akitupungia mkono, amefurahi kabisa. Shangazi aliangalia gari likipotea, akaingia ndani, akasogeza meza na kuutandika mkeka wake pale ilipokuwa.

Kesho yake nilishuka ziwani. Yule kijana aliniona, akaficha sirinji nyuma ya mgongo na kuuliza Directeur anaendeleaje. Nikamsogezea bidoni.

«Weka dawa,» nikamwambia. «Leo ni ya batu.»