Siku Waliyokatazwa Kunisalimu

Baba yangu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alipokuja nyumbani kwetu Kishapu na daftari lake, akaketi na wazazi wangu ili wapange malengo yangu kabla sijaingia kidato cha kwanza, baba alimkatiza mapema. "Mwalimu, huyu haoni. Nimpeleke bweni la ugenini akatumbukie shimoni?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Macho yangu yalikwenda na surua ningali mdogo, hata rangi sizikumbuki, labda nyekundu kidogo. Shule ya msingi nilisoma Shinyanga mjini, kwenye darasa la wasioona, na mwalimu huyo ndiye aliyenifundisha nukta nundu. Miaka yote hiyo rafiki yangu mmoja anayeona kidogo alinishika mkono darasani, bwenini, mpaka chooni. Sasa mimi nimechaguliwa kwenda sekondari, yeye hakuchaguliwa.

Mwalimu alikuwa ameshajaza kurasa mbili: nijue kupiga taipu, kufua, kutunza vifaa vyangu vya kuandikia. Mama akaongeza kusonga ugali. Nikawaka. "Mbona mnanipanga kama gunia la pamba? Hakuna wa kuniuliza mwenyewe?"

"Wee mtoto, adabu!" mama alisema. Hasira zangu zilijulikana kijiji kizima. Mwalimu alicheka, akafungua ukurasa mwingine. "Haya, bibie, wewe unataka nini?"

"Niende mnadani peke yangu, ninunue sabuni ya kwendea shule, nirudi bila kushikwa mkono."

"Akiweza hilo, aende shule," baba alisema. "Asipoweza, abaki hapa hapa." Mwalimu akaliandika.

Likizo ile mwalimu alinifundisha kutembea kwa fimbo mpaka kiganja kikaota sugu. Siku ya mnada nikaenda, nikarudi na sabuni mkononi, naringa kama bibi harusi. Mwalimu alikuwa amenifuata nyuma anakokota baiskeli. "Hujafika," aliniambia. "Umefikishwa."

Kwetu Usukumani mtu hapiti hivi hivi bila salamu. Mdogo ndiye anayetakiwa kuanza kumwamkia mkubwa, lakini kwa kuwa mimi sikuwaona, wakubwa walijishusha wakawa wananiwahi. Mlango huu, "Mwangaluka, mayu!" yaani umeamkaje, mama. Kibanda kile, "Mwangaluka!" Tangu nikiwa mtoto walinipokezana kwa sauti kutoka nyumba hadi nyumba, na mimi sikuwa na habari. "Huko uendako," mwalimu aliuliza, "nani atakuita mayu?"

Nililia kwa hasira, kwa sababu alisema kweli. Akapita mlango kwa mlango akiomba kitu kimoja: siku ya mnada ujao, mtu yeyote asinisalimu. Lo! Ungedhani amewaomba wachome maghala yao. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyefoka kuliko wote. "Mjukuu wangu apite mlangoni kwangu nimnyamazie? Amenikosea nini? Hata mchawi husalimiwa!" Ilibidi baba mwenyewe amwapishe.

Siku yenyewe ikafika. Nilitoka nyumbani, nikakuta kimya. Njia niliyoizoea ikawa ngeni kabisa, nami nikaogopa, nisiseme uongo. Punde miguu ikaacha mchanga ikakanyaga udongo wenye nyufa, nikajua nimeingia shamba la pamba la watu. Nikarudi kinyumenyume mpaka fimbo ikagusa ua wa minyaa, nikaufuata ua. Mashine ya kusaga ikaanza kunguruma upande wa kulia, mahali pake. Moyo ukatulia.

Mbele kidogo nikasikia harufu ya michembe, viazi vitamu vya kukausha, ikichemka. Hapo ni kwa bibi, hakuna mwingine anayeikoleza karanga namna ile. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

"Bibi, shikamoo. Michembe yako inaungua."

"Marahaba!" Alipasuka kama aliyezuia kikohozi tangu alfajiri. "Marahaba, mayu wangu, marahaba! Nimekatazwa kusalimu, sikukatazwa kuitikia!" Akapiga vigelegele, kisha nikamsikia analia. Ndipo nilipotambua: maisha yangu yote sikuwahi kumwamkia yeye kwanza, kama mtoto yeyote anavyomwamkia bibi yake.

Basi, nani angenizuia tena? Niliposikia cherehani nikamwamkia fundi. Niliposikia mchi nikamwamkia anayetwanga. Mmoja nilimwamkia kumbe ni mbuzi, na watu wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikaegemea fimbo. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nikafika mnadani, nikanunua sabuni yangu, nikageuka.

"Shikamoo, baba."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu alishtuka. "Marahaba. Umejuaje ni mimi?"

"Unahema kama ng'ombe wa jembe tangu pale mashineni."

Alikuwa amevua viatu ili nisimsikie, akanifuata peku kwenye miiba njia nzima. Akaichukua fimbo yangu, akaipimapima, akanirudishia.

"Hii ni fupi," alisema. "Ya kwendea shule nitakuchongea ndefu."