Safari ya Kumkataza Divine Kucheza

Dada yangu Esta alinipigia simu kutoka Kenmore, karibu na Buffalo, akaniambia binti yake Divine anajifunza ngoma ya Kihindi na niende kumkataza. Baba wa mtoto alifariki tungali kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo neno la mjomba ndilo lililobaki. "Wanasujudu kabla ya kucheza," Esta alisema. "Na nyumbani haniangalii hata usoni. Macho yote kwenye simu."

Ijumaa asubuhi, majani ya mwaka 2015 yakianguka, nilitoka Highview, Louisville, na gari langu. Hukumu nilikuwa nayo tayari. Njia nzima ni malori na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Columbus nilipumzika kwa Papa Shukuru, Mkongomani wa Uvira, aliyekuwa mzee wa kanisa letu kabla hajahamia huko. Alinipa ugali na sombe, kisamvu cha kwao, na maagizo juu yake.

"Bon, ile haiko dansi ya Mukristo," alisema. "Ukifika kule, usiongee mingi. Mutoe mutoto."

Nilikubali. Sombe ilikuwa tamu mno kwa mabishano.

Kenmore nilifika jioni, upepo wa ziwa ukipuliza. Esta alikuwa akienda zamu ya usiku kiwandani Tonawanda. Divine, mwenye miaka kumi na minne, alinisalimu vizuri, "Shikamoo mjomba," na mengine yote akayasema kwa Kiingereza.

Jumamosi mchana tulikwenda sote watatu ukumbini, ambako wanafunzi wangewaonyesha wazazi walichojifunza. Mwalimu, Bi Malini, ni mama mchangamfu mwenye macho makubwa yaliyotiwa wanja. Nilimuuliza bila kuzunguka: watoto wanamsujudia nani?

"Wanaiomba ardhi radhi, maana wataikanyaga kwa nguvu," alijibu. "Binti yenu huomba kwa Mungu wake."

Kisha akachanua vidole. "Hili ni ua." Akainua macho, mkono ukiwa vilevile. "Sasa ni mwezi. Macho ndiyo yanayosema ni kipi."

Divine aliingia na njuga miguuni. Alikuwa mama wa hadithini, ambaye mtoto wake ameiba siagi. Akashika kiuno, akapandisha nyusi, akavuta mdomo upande. Mtu huyo namfahamu tangu utotoni. Watu walicheka.

Esta alinibana mkono. "Ananiiga! Ananidhihaki mbele za watu. Yosefu, mwite ashuke."

Kazi iliyonileta ndiyo hiyo, nikainuka. Bi Malini, aliyeketi mbele yetu, aligeuka. "Niliwaambia kila mmoja amtafute mama anayemjua," alininong'oneza.

Ngoma ikatulia. Sasa mtoto wa hadithi alikuwa amelala. Divine alivua glavu zisizokuwepo, kidole kwa kidole, akakandamiza kiuno kwa ngumi kama mtu aliyesimama usiku kucha kwenye mashine. Akainama, akagusa paji la mtoto kwa mgongo wa kiganja. Midomo yake ilisema maombi bila sauti, na ule uso mkali wa dada yangu ukalainika kwa namna ambayo mimi, kaka yake, sijawahi kuiona.

"Lakini huwa amelala," Esta alisema. "Nikirudi alfajiri, Yosefu, huwa amelala."

Nikakaa. Nilimwonea dada yangu huruma, na wivu pia.

Jioni hakuna aliyeniuliza hukumu. Esta alikuwa akimfuta binti yake wanja kwa vaselini. "Mazoezi ni lini tena?" aliuliza. Akajibiwa kwa Kiingereza, akaridhika.

Jumapili, Columbus, Papa Shukuru alinisubiri mlangoni. "Donc, ulimutoa?"

"Hapana, Papa."

"Na ile ya kusujudu?"

"Wanaiomba ardhi radhi." Alitikisa kichwa. Safari hii nilipewa chai tu.

Highview nilifika giza limeingia. Wanangu wawili walikuwa kwenye kochi, macho kwenye simu, na hakuna aliyeinua kichwa. Zamani ningefoka kwamba hawanioni. Safari hii ilinifunza kwamba mtoto anaweza kukuona bila kukutazama, na mimi sikujua hawa wangu wameona nini miaka yote hii. Nilisimama kwanza mlangoni, nikautengeneza uso.